Mvua ya Malili

Ndugu zangu wa Mutomo, tangu nirudi mmeniuliza safari ilikuwaje, na mimi nimekuwa nikijibu kwa kukatakata. Naona afadhali niandike. Nikisimulia kwa mdomo najijua, nitajipendelea. Karatasi hainichekei wala hainionei huruma, na labda nitaweza kufika mwisho.

Mombasa

Nilikuwa nimekwenda kumwona Kyalo, mwanangu wa mwisho. Wengi wenu mnajua yuko chuo kikuu, lakini kila mlipouliza anasomea nini nilikuwa nikisema "samaki," ili mazungumzo yaendelee. Si samaki. Anasoma viumbe wadogo wanaokuja na meli. Meli ikikaa kwenye bandari ya mbali, viumbe hujibandika chini yake, na ikifika kwetu baadhi yao hushuka, wakazaana na kuwanyima wenyeji nafasi. Mwalimu wake, Daktari Syombua, amefanya kazi hiyo karibu maisha yake yote. Ndiye aliyemfundisha Kyalo kuning'iniza vibao chini ya gati na kuvivuta juu baada ya muda, aone ni nani amehamia. Kwa sisi watu wa mifugo, ni kama mtu anayekaa mlangoni mwa mnada akiangalia ng'ombe yupi si wa hapa.

Kwenye kibao kimoja Kyalo alikuwa amekuta mgeni ambaye hajawahi kumwona. Alinionyesha. Alikuwa kitu laini kama uji ulioganda, rangi ya zambarau, na juu yake vinyota vidogo vimepangana. Kila kinyota kilikuwa na mdomo katikati, na mdomo umezungushiwa mstari mwembamba wa manjano. Ukitulia, vinyota vilifunguka. Ukigusa ndoo, vyote vilijifunga kwa pamoja. Nilikaa nikiviangalia mpaka chai ikapoa.

Daktari alikuwa ameanguka akavunjika mguu, naye alikuwa nyumbani kwao Kathonzweni akiuguza. Alitaka kumwona kiumbe huyo akiwa hai, kwa sababu akitiwa dawa ya kuhifadhia hupoteza rangi akawa kijivu, na kwa rangi ndiyo hutofautishwa na ndugu zake. Kama ni yeye waliyemdhania, Kyalo angekuwa mtu wa kwanza kumwona kwenye pwani yetu, na Daktari, ambaye anastaafu mwisho wa mwaka, angemwachia ile kazi ya vibao. Asipothibitisha, kazi ingepewa mwingine. Kyalo mwenyewe hakuweza kusafiri, maana siku za kuvuta vibao vingine zilikuwa zimefika. Mimi nilikuwa narudi nyumbani.

"Baba, ni kuzunguka kidogo tu," aliniambia. "Shuka Emali, upande gari la mji wa Wote, ufike Kathonzweni."

Alinifungia ndoo yenye kifuniko, kibao kikining'inia ndani, na mtungi mdogo wa maji ya bahari ya akiba. Mchana nipunguze maji ya ndoo, nijazie ya mtungi. Niweke kivulini. Wakijifunga niwaache, ni woga tu.

"Na usiwape maji mengine yoyote."

Nilimwambia kwamba nimeswaga ng'ombe kutoka Mutomo mpaka Kibwezi kabla sijamjua mama yake, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa kiu mikononi mwangu.

"Hawa si ng'ombe, Baba."

"Nimesikia," nikasema. Nilikuwa nimesikia kama mzazi anavyomsikia mtoto.

Mtito Andei

Basi liliondoka asubuhi. Ndoo ilikuwa katikati ya miguu yangu na mtungi chini ya kiti. Karibu na Mtito Andei mpira wa rejeta ukapasuka, basi likasukumwa pembeni, na dereva akalala chini ya basi akiwa na waya na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Jua lilikuwa kali. Mama mmoja aliyeketi upande wa pili alikuwa na mtoto anayelia. Aliutazama mtungi wangu.

"Mzee, tusaidie na maji kidogo ya mtoto."

Nikamwambia ni maji ya bahari. Akanitazama, akageuza uso. Nyinyi mnajua kwetu ilivyo. Mtu anaweza kukunyima chakula ukamsamehe, lakini maji hayanyimwi. Kijana mmoja nyuma yangu akauliza bahari naipeleka Ukambani kufanya nini, kupanda? Watu wakacheka. Mwingine akasema mwacheni, huyo ni mganga, waganga ndio hubeba maji ya bahari. Mimi, mzee wa kanisa. Nilihisi masikio yanawaka. Nikautoa mtungi, nikaufungua, nikawaambia waonje.

Yule kijana akaonja, akatema hadi kwenye kiatu chake. Basi lote likataka kuonja. Mtungi ukapita mkono kwa mkono, ukashuka nje kwa waliokuwa wamekaa kwenye nyasi kavu, kila mtu akitema na kucheka, nami nikicheka nao kwa raha ya mtu aliyeondolewa lawama. Hakuna aliyeniita mganga tena. Uliporudi ulikuwa umepungua nusu, na sikuangalia kama kifuniko kimekazwa. Basi liliposhika njia mtungi ukaanguka, maji yakatiririka chini ya viti mpaka kwenye mfuko wa unga wa mama mmoja aliyeketi mbele. Alinisema mpaka Kibwezi, na alikuwa na haki.

Yule mtoto hakupata maji kwangu. Baadaye mama yake alimnunulia soda dirishani. Hiyo soda ningeweza kuinunua mimi tulipokuwa tumesimama. Sikuikumbuka. Nilikuwa natetea jina langu.

Malili

Nilikuwa nimemwomba kondakta aniambie tukifika Emali. Yeye anasema aliita, akaona watu wanashuka, akadhani nami nimeshuka. Mimi nilikuwa nimelala. Nilipoamka tulikuwa tunaingia Malili, na alinishusha pale na ndoo yangu na mtungi mtupu, akaniambia pole Mzee, magari ya kurudi ni mengi.

Hayakuwa mengi. Yaliyokuwa yakienda upande wa Mombasa yalipita kwa kasi bila kusimama. Upepo wa ule uwanda wa Malili ulikuwa ukileta vumbi jekundu, na nyasi zilikuwa zimeisha hadi mizizi inaonekana. Nikaingia kwenye hoteli ndogo ya mabati ya mama mmoja anayeitwa Mama Mutheu. Nikala chapati na maharagwe. Alikubali niweke ndoo chini ya meza yake ya chapati, penye kivuli. Harufu ya bahari ikaita nzi, na wateja wawili wakahamia meza ya nje, lakini hakunifukuza.

Nilipofunua ndoo, maji yalikuwa ya uvuguvugu na vinyota vyote vimejifunga. Nikangoja. Havikufunguka. Mama Mutheu akainama, akauliza ni nini hicho. Nikamweleza ni wanyama wa bahari, wanapelekwa kwa daktari.

"Ni wagonjwa?"

"Wana kiu," nikasema.

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Nilikuwa nimeona midomo imefungwa na joto, na katika kichwa changu palikuwa na ng'ombe tuliokuwa tukiwaswaga miaka ile, jinsi walivyokuwa wakifika mto wa mchanga wamefunga macho, na tulivyokuwa tukichimba kwa mikono tuwanyweshe hata kabla sisi wenyewe hatujanywa. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Kidato cha pili tulikata kiazi vipande viwili, kimoja tukakitia kwenye maji ya chumvi na kingine kwenye maji matupu, na mwalimu akatuonyesha kilivyonyauka kimoja na kilivyovimba kingine. Nilipata alama nzuri. Siku ile Malili kiazi hicho hakikunijia kabisa.

Mama Mutheu alikuwa anapata maji kwa punda, tena si kila siku. Ya kunawa mikono alikuwa akiyamimina mwenyewe, kwa kikombe. Alichukua jagi, akauliza wanakunywa kiasi gani. Nikajibu kama mjuzi kwamba ni kama kuku wawili, ila tuongeze zaidi kidogo kwa sababu ya safari.

"Chukua tu, Mzee," alisema. "Wasikufie ukiwaangalia."

Nikamwaga nusu ya maji ya bahari nyuma ya hoteli, nikamimina jagi lake lote, na akaongeza la pili bila kuombwa. Baada ya muda vile vinyota vililegea. Havikufunguka, vililegea tu, kama kitambaa kilicholowa. Tuliviangalia pamoja.

"Wameshiba," akasema.

Nikakubali kwamba wameshiba.

Wote

Lori la saruji lilinifikisha Emali, na pikapu ikanifikisha Wote jua likizama. Nililala kwa rafiki wa zamani wa kanisani, ambaye alinipa uji wa wimbi na habari za ukame. Wapi nyasi, wapi maji, nani amehamishia ng'ombe wapi. Siku hizi hakuna habari nyingine huko. Ndoo niliiacha barazani. Asubuhi niliinua kifuniko kidogo tu, nikanusa, nikakirudisha. Nilijiambia bahari hunuka.

Kathonzweni

Nyumba ya Daktari Syombua haikuwa ngumu kuipata, kwa sababu kulikuwa na watu wawili getini wameshika matumbo. Majirani wamesikia neno daktari na hawataki kusikia zaidi. Yeye huwaandikia waende zahanati. Alikuwa barazani kwenye kiti cha mikono, mguu wenye plasta umewekwa juu ya stuli, mama mnene mwenye mvi na macho ya mzaha. Pembeni yake aliketi jirani yake, Mzee Nzioka, akisokota kamba ya katani.

Alinipokea kama ndugu. Akaniita Baba Kyalo, akasema kuku amekwisha chinjwa. Kabla hajaiangalia ndoo alinieleza mambo ya mwanangu ambayo sikuyajua. Kwamba siku ya kwanza alitapika kwenye mashua, akataka kurudi kusomea uhasibu. Kwamba kwa mwezi mzima yeye Daktari hakumruhusu kutaja jina la kiumbe chochote.

"Nilimwambia, kwanza sema ulichokiona. Jina litakuja lenyewe," alisema. "Wengi wanapenda jina. Yeye alijifunza kuona."

Kisha akachukua karatasi na kalamu, akaomba ndoo.

Maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Aliinua kibao kwa uzi wake, na ule uji wa zambarau ukateleza ukaanguka majini kama mafuta kwenye sufuria ya moto. Kilichobaki kilikuwa kijivu. Alichovya kidole, akakiweka ulimini. Akachovya tena. Kisha akauliza, akiitazama ndoo na si mimi:

"Baba Kyalo, njiani mlinyeshewa?"

Mpaka leo sijui kama alikuwa anauliza au alikuwa ananisitiri. Niliona tu kwamba amenipa mahali pa kukaa, nami nikakaa.

"Kidogo," nikasema. "Pale Malili."

Kamba ya Mzee Nzioka ikasimama. "Malili kumenyesha?"

"Kidogo tu."

"Ya kulaza vumbi, au ya kuotesha nyasi?"

Hapo ningeweza kusema ya kulaza vumbi. Lakini maji ya kulaza vumbi hayawezi kuingia ndani ya ndoo yenye kifuniko yakaondoa chumvi, na Daktari alikuwa ameinua uso.

"Ardhi ililowa," nikasema.

Nzioka akaondoka akiwa ameiacha kofia yake kwenye kiti.

Tuliletewa kuku na muthokoi, ule wa mahindi yaliyokobolewa uliopikwa na kunde. Ulikuwa mzuri na niliula. Daktari hakula sana. Baada ya kitambo akasema kwamba kama mvua iliingia ndani, basi kifuniko hakikufungwa sawasawa. Alikuwa amemwonyesha Kyalo mwenyewe jinsi ya kukifunga. Alisema kwa huzuni, si kwa hasira.

"Mtu nitakayemwachia vibao hawezi kuwa mtu asiyefunga kifuniko," alisema.

Nilikuwa na paja la kuku mkononi. Nikaendelea kutafuna. Hiyo ndiyo sehemu ninayoiona nikifumba macho, si vinyota, si Malili. Mkono wangu na lile paja.

Kisha nikasikia kengele za ng'ombe. Nzioka alikuwa ametoa ng'ombe wake wote barabarani, mbavu zao zikihesabika, na wanawe wawili wamejifunga vibuyu vya maji kiunoni. Mke wake alikuwa anafunga sufuria kwenye kanga. Majirani walikuwa wamesimama kwenye ua, wengine wakimwuliza kama atawangoja wakusanye ng'ombe wao waende pamoja. Mama mmoja alikuja mpaka barazani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa habari, kana kwamba mvua niliileta mimi. Kutoka pale mpaka Malili ni mwendo wa siku kadhaa kwa ng'ombe wenye nguvu. Hawa hawakuwa na nguvu. Wangefika, kama wangefika, kwenye ule uwanda mtupu niliouona kwa macho yangu.

Niliweka sahani chini nikaenda barabarani. Mikono yangu ilikuwa bado na mafuta.

"Mzee Nzioka, rudisha ng'ombe. Malili hakuna mvua. Yale maji niliyatia mimi, kutoka kwenye jagi."

Hakunielewa mara moja. Nikarudia, na safari hii majirani wakasikia. Wanawe wakatazamana. Yeye akauliza polepole:

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Mutomo."

"Mutomo mna ng'ombe?"

"Tunao."

"Basi ulijua," akasema.

Akawageuza ng'ombe. Hakunitukana. Yule mama aliyenishika mkono alikuwa akiufuta wake kwenye nguo.

Niliporudi barazani Daktari alikuwa amekwisha sikia, lakini nilimsimulia upya yote, tangu mtungi wa Mtito Andei. Nilipomaliza, kwa sababu nilitaka kubaki na kitu kimoja cha kumpa, nikamweleza kiumbe alivyokuwa Mombasa. Rangi ya zambarau. Vinyota, na midomo yake. Mstari wa manjano, mwembamba, unaozunguka mdomo wote bila kukatika. Nilikuwa nimemwangalia vizuri, nilijua ninachosema, na niliona kwenye uso wake kwamba hicho ndicho alichokuwa akikingojea kwa wiki nzima. Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaifunika.

"Naamini uliona, Baba Kyalo," alisema. "Lakini siwezi kuandika."

Nikauliza kuhusu mwanangu.

"Atavuta vibao vingine. Akimpata tena, amlete mwenyewe." Alitazama mguu wake. "Mwaka nao unaisha."

Nilipokuwa nikiinua ndoo tupu aliniita. Alikuwa amefunua kalamu tena.

"Kifuniko alikifunga vizuri," akasema. "Hilo nitaandika."

Mutomo

Nilirudi kupitia Makindu na Kibwezi, nikalala Kibwezi siku mbili kwa sababu gari la huku lilikuwa limeharibika. Nilikaa stendi na ndoo yangu. Kyalo nilimpigia simu kutoka posta, nikamwambia mwenyewe. Aliuliza kama mguu wa Daktari unapona, na kama nimekula.

Nilifika hapa jioni. Mtu wa kwanza kuniona alikuwa fundi wa baiskeli pale stendi, na akaniuliza swali ambalo sisi sote tunamwuliza kila mgeni miaka hii ya tisini, kabla hata ya kumuuliza hali.

"Huko ulikotoka, kumenyesha?"

"Hapana," nikasema. "Hakuna hata tone."

Akashangaa. Akasema mbona wamesikia Malili kumenyesha, na nyasi zimeota. Tangu jana watu hawazungumzi jambo jingine. Kuna wanaofunga mizigo wavushe ng'ombe mto waende huko.

Nikauliza nani kasema.

"Watu waliotoka Kibwezi kwa baiskeli. Wao waliambiwa na watu wa Makueni, huko Kathonzweni." Akaendelea kukaza spoki. "Wanasema kuna mzee mmoja alipita huko, ameiona kwa macho yake. Mzee wa kanisa, si mtu wa kusema uongo."

Nilisimama pale na ndoo. Nilikuwa nimeusema ukweli mbele ya ua mmoja Kathonzweni, nikadhani nimeyamaliza.

Mzee huyo ni mimi. Malili hakuna mvua. Anayeisoma karatasi hii na amwambie jirani yake, na aliyekwisha ondoka, mtu mwenye baiskeli amfuate.